Alama Nyekundu ya Gati la Tatu

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili nimeliokota ghala namba nne, ambako jeshi limeacha marundo ya madaftari matupu. Kila ukurasa una safu tatu za kuandikia mabomu: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Mpwa wangu, binti niliyemlea mwenyewe, kaniambia, "Mjomba, hizo hadithi zako ziandike humo, masikio yetu yapumzike." Basi naandika. Elimu ninayo. Darasa la tatu nililisoma mara mbili, ukijumlisha ni darasa la sita.

Kwa atakayesoma: mimi ni mwendesha kreni wa gati la tatu. Miaka saba ya vita nimepakia mizinga, magari ya deraya, mabomu ya kila unene, na siku moja farasi wa jenerali, amesimama wima hewani, na hakuamka usingizini. Bandarini wananiita Hakidondoki, kwa kuwa kwenye kreni yangu hakidondoki kitu. Hata msumari. Maneno hayo nimeyatamka mara nyingi kuliko nilivyotamka jina la mke wangu.

Mvua imeanza leo.

Jumanne, Machi 4

Bandari inarudishwa kwa wafanyabiashara. Mizinga ya juu ya ukuta inakatwa kwa moto vipande vipande. Magunia ya mchanga yanaondolewa madirishani. Ghala la mabomu linapakwa chokaa liwe ghala la ngano, na wapakaji wanatembea kwa ncha za vidole kama watu walioingia chumba chenye mtoto aliyelala.

Meneja mpya, bwana mwembamba wa miwani, katutangazia kwamba mwisho wa Aprili meli ya kwanza ya ngano itafunga kamba gati la tatu. Gati langu! Nikapiga kifua mpaka nikakohoa.

Kisha akasema meli za ngano tumbo lake hufika chini zaidi majini kuliko zile za jeshi, kwa hiyo lazima matope ya chini yachimbwe kwanza.

Hapo nikaacha kukohoa.

Ijumaa, Machi 7

Leo ilikuwa siku ya alama. Wakati wa vita mengi yaliangukia majini, na vitabu vya jeshi viliungua. Kwa hiyo kila mwendesha kreni kapewa makopo mawili ya rangi, atembee ukingoni mwa gati lake na kuweka alama kila mahali alipoangusha kitu. Nyeupe ni chuma na takataka. Nyekundu ni kitu cha kulipuka. Palipo na nyekundu, hatua mia kila upande hakuna kuchimba mpaka wategua mabomu waje, watoe, na waifute wenyewe. "Atakayeficha atashtakiwa," Meneja kasema. "Na atakayeleta utani kwa rangi nyekundu atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo."

Kipara wa gati la nne, rafiki yangu na adui yangu wa miaka mingi, kaweka alama nyeupe kumi na moja huku anacheka peke yake. "Hapa jiko la jeshi. Hapa baiskeli. Hapa beseni la kuogea la kanali, na kanali mwenyewe alikuwa analisubiri, taulo begani!" Halafu akaweka nyekundu moja, bila haya, kama mtu anayepaka mlango wake. Akayatazama makopo yangu. "Na wewe, Hakidondoki? Hata kufungua hujafungua?"

"Nifungue ya nini? Rangi ikauke bure?"

Watu wakapiga makofi. Meneja akaandika: gati la tatu, safi. Akanipa mkono mbele ya wote. Wake ulikuwa mkavu. Wangu ulikuwa umelowa, na si kwa mvua.

Jumatatu, Machi 10

Tishari la kuchimba limevutwa mpaka gati la tano. Lina mtambo wenye ndoo ya chuma iliyo na meno, kubwa kiasi cha kumeza chumba changu cha kulala pamoja na kabati. Inashuka, inatafuna, inapanda, inatapika matope.

Anayeiendesha ndoo hiyo ni mpwa wangu.

Nilijua amepata kazi. Nilijigamba kila kibaraza kwamba mikono ile kairithi kwangu. Kumbe nilidhani atapelekwa gati lolote, ulimwengu mzima, isipokuwa la tatu. Jioni nikamuuliza watachimba kwa mpango gani. Akanihesabia kwa vidole, mdomo umejaa chakula: "La tano, la nne, halafu la kwako, Mjomba. La kwako ndilo rahisi. Ni safi."

Jumatano, Machi 12

Mvua. Sikula.

Jumatatu, Machi 17

Nitaandika. Daftari halina mdomo, na mke wangu hawezi kuusoma mwandiko wangu. Hata mimi unanishinda.

Mwaka wa tano wa vita, alasiri, mvua kama ya leo. Nilikuwa napakia mabomu kwenye meli moja nyeusi. Makuli walikuwa wanapenda mchezo wangu: badala ya kuupitisha wavu wa mizigo moja kwa moja, nilikuwa nauzungusha duara zima juu ya maji, kama mwanamke anayezungusha kanga dukani, kisha nautua taratibu. Walikuwa wanashangilia. Siku ile mvua iliwafukuza wote ndani ya ghala. Hakuna wa kushangilia. Nikauzungusha hivyo hivyo. Hata leo sijui nilikuwa namwonyesha nani.

Pembe moja ya wavu ikaponyoka. Makasha manne yakaingia kati ya meli na ukuta wa gati. Hayakupiga kelele kubwa. Makuli mule ghalani hawakusikia lolote kwa mvua. Nilikaa ndani ya kreni, nimefumba macho, nasubiri kufa. Nilihesabu mpaka thelathini kisha nikasahau inayofuata.

Aliyeona ni mmoja tu, Sajini wa ghala. Alipanda ngazi ya kreni mpaka kwangu, uso umempauka. "Wewe hukuona," akasema. "Mimi sikuona. Tukisema tutapigwa risasi sote wawili." Akaandika makasha yote yamepakiwa. Meli ikaondoka, ikazamishwa safarini na karatasi zake. Sajini akafa mwaka wa mwisho wa vita. Nimebaki mimi.

Kila kasha lilikuwa na mabomu manane.

Na wiki ile ile, kwa hofu ya kuulizwa, ndipo nilipoanza kusema hakidondoki.

Jumanne, Machi 18

Nimejaribu kwa Meneja. Nimemwambia matope ya gati la tatu ni mazuri, hayana haja ya kuchimbwa. Kaniuliza matope mazuri ni yapi.

Alhamisi, Machi 20

Nimejaribu kwa mpwa wangu. Nimemwambia nimeota ndoto mbaya juu ya kazi yake, bora aombe kuhamia ofisini. "Mjomba, mwezi uliopita uliota umekuwa waziri. Mbona hatujahamia kwenye nyumba ya serikali?"

Mama yake, dada yangu, alipokuwa kitandani mara ya mwisho, huyu akiwa na miaka tisa, alinishika kidole hiki cha katikati akasema, "Usimdondoshe." Naapa alisema neno hilo. Mimi huongeza mengi, hilo sikuongeza.

Jumatatu, Machi 24

Wategua mabomu wametoa kombora moja la Kipara, gati la nne. Wamelipeleka mbali, nje ya ukuta wa mawimbi, wakalilipua huko. Moja tu. Nyumbani kwangu, mwendo wa nusu saa kutoka bandarini, vikombe viwili vimeanguka kutoka rafuni na kioo kimepata ufa. Mke wangu akaja na ufagio akanikuta nimejikunyata chini ya meza.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unavuta sigara ukiwa umekalia mabomu?"

"Natafuta kifungo cha shati."

Akalitazama shati. Vifungo vyote vilikuwepo. Akafagia. Nilipotoka chini ya meza ndipo akasema, mgongo amenigeuzia, "Mume wangu, una jambo. Mtu mwongo akinyamaza wiki mbili, ama anaumwa ama ana ukweli tumboni."

Nane mara nne nimepiga hesabu kwa njia zote. Haishuki.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Tishari liko gati la nne. Jana lilitoa beseni la kanali, zima. Watu wamelishangilia kama bibi harusi.

Jumatatu, Machi 31

Leo nimesema. Nimesema kweli, na hakuna aliyenisikia.

Mchana tulikuwa tumejaa mgahawa wa bandari kwa kuikimbia mvua. Mpwa wangu alikuwepo na wenzake wa tishari, Kipara alikuwepo, hata Meneja na kikombe chake. Nikasimama. Nikasema, "Jamani, kuna siku kitu kilidondoka."

Wote wakanigeukia, na nyuso zao zilikuwa na ile hamu ninayoijua, hamu ya watu wanaosubiri kuchekeshwa. Nilitaka kusema makasha manne. Ulimi ukaona watu, ukapanda jukwaani bila kuniaga. Nikasikia sauti yangu ikisema makasha yalikuwa makubwa kama nyumba, yaliangukia kichwa cha papa, papa akapepesuka akaomba maji.

Mgahawa mzima ukavunjika mbavu. Kipara alilala juu ya meza. "Papa akaomba maji! Na yumo ndani ya maji!" Meneja alivua miwani akafuta machozi. Mpwa wangu akanipiga begani. "Karibu tena, Mjomba. Tulidhani umeugua."

Nikakaa. 

Jumatano, Aprili 2

Tishari limemaliza gati la nne. Kesho saa nne asubuhi linavutwa kuja la tatu.

Leo alfajiri nilimfuata mpwa wangu akivaa viatu mlangoni. Nikamwambia polepole, bila papa, bila kitu. Makasha manne. Mabomu. Mimi niliyaangusha. Akaacha kiatu, akanitazama kama anayetaka kuamini. Halafu akatabasamu. "Na yule farasi wa jenerali, alikuwa juu au chini ya makasha?"

"Mwanangu, ni kweli."

"Mjomba, kila kitu chako ni kweli." Akafunga kamba za kiatu. "Ungekuwa umeangusha mabomu ungenyamaza miaka yote hii? Wewe? Ukikata kucha tu mtaa mzima unapata habari."

Akaondoka. Nimekaa mlangoni mpaka mvua ikanifikia miguuni.

Nimeishi kwa mdomo huu, nimekula kwa mdomo huu, nimeoa kwa mdomo huu. Siku ninayouhitaji, haununuliki hata kwa bure.

Alhamisi, Aprili 3

Mkono unauma, naandika hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi nilikwenda stoo nikachukua kopo langu jekundu. Lilikuwa bado limefungwa. Mfuniko umeshikana, nikaung'oa kwa spana, rangi ikanirukia shati zima. Gati la tatu lilikuwa limefagiliwa, limesafishwa, halina alama hata moja toka mwanzo hadi mwisho. Nilihesabu hatua kutoka mguu wa kreni yangu: kumi na nane. Mahali pale napajua. Miaka yote nimekuwa nikiparuka nikipita, kama mtu anayekwepa mguu wa aliyelala.

Nikapiga magoti nikapaka. Mvua ikaifuta. Nikapaka tena, ikatiririka tena, mstari mwekundu ukashuka ukutani ukaingia majini. Mbali niliona tishari limeshafunguliwa kamba, boti ya kulivuta inatoa moshi. Nikavua koti la mvua nikaifunika ile alama, nikalala juu yake kifudifudi, shavu langu limejaa rangi.

Wa kwanza kufika alikuwa Kipara. Alianza kucheka kutoka mbali. "Leo umemuua nani, Hakidondoki?" Alipofika karibu akaona kopo. Kicheko kikakatika. Yeye ni mwendesha kreni. Anajua mwendesha kreni hawezi kupaka rangi ile kwenye gati lake kwa mzaha, kama vile mtu hawezi kujichimbia kaburi kwa mzaha. Aligeuka akakimbia, na umri ule na tumbo lile, akipunga mikono yote miwili juu kuelekea kwenye boti. Ni ishara yetu ya kusimamisha kreni. Duniani hakuna aliyeona ishara hiyo akaendelea.

Boti ikazima.

Meneja alikuja bila mwavuli. "Uliniambia safi."

"Nilisema uongo."

"Nini kipo chini?"

"Makasha ya mabomu."

"Mangapi?"

"Manne."

Alisubiri. Nadhani alikuwa anasubiri papa. Papa hakuja. Ndipo uso wake ukabadilika rangi, akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, akianza kuzitazama nyayo zake mwenyewe.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa tishari. Tulikuwa mbali, sikuona uso wake. Niliona tu ameshika chuma cha ndoo kwa mikono miwili, kama mtu aliyeamka akakuta kalala ukingoni mwa ghorofa.

Ijumaa, Aprili 4

Nimesimamishwa kazi. Kesi itakuja. Mke wangu amesikia kila kitu sokoni kabla sijamwambia. Amenikorogea uji, akauweka mezani, akasema, "Kunywa. Kesho nitakutukana." Mpwa wangu hajaja kula. Yuko chumbani kwake, mlango umefungwa.

Jumatano, Aprili 9

Wapiga mbizi wametoa kasha la kwanza. Limeoza mbao, mabomu ni mazima. Matano kati ya manane, mkubwa wa wategua mabomu kasema, yalikuwa yanasubiri kuguswa tu. Ametumia neno hilo, kusubiri.

Ijumaa, Aprili 11

La pili na la tatu. Yalikuwa yamelaliana.

Jumatatu, Aprili 14

La nne halipo.

Wamezama siku tatu. Wamepapasa matope hatua hamsini kila upande. Hakuna. Leo wameniita ofisini. Meneja, mkubwa wa wategua mabomu, Kipara kama shahidi wa waendesha kreni, na mpwa wangu kama mwendesha ndoo. Nje ya bandari meli ya ngano imeshatoa taarifa, inafika mwisho wa mwezi, na mjini foleni za unga zinazunguka mitaa miwili.

Meneja alizungumza kwa upole, na upole ule uliniogopesha kuliko kesi. "Mzee, miaka imepita. Mtu anaweza kusahau. Na wewe tunakujua, una kawaida ya kuongeza. Je, yawezekana yalikuwa matatu?"

Nitakiri hapa: kwa kitambo kidogo hata mimi nilijiuliza. Nimeongeza maisha yangu yote. Farasi alikuwa punda, na alikuwa macho, na alipiga kelele mpaka chini. Mtu akishazoea kuongeza, anajuaje mwisho wa kilichokuwepo na mwanzo wa alichokitia? Nikafumba macho nikarudi ndani ya kreni, kwenye mvua ile. Nikayaona yakiondoka. Moja. Mawili kwa pamoja. Halafu moja lililobaki limenasa kwa pembe, likaning'inia, nikadhani Mungu amelishika, nalo likaenda.

"Manne," nikasema.

Mkubwa wa wategua mabomu akamtazama Meneja. Meneja akaitazama kalenda ukutani. Akachukua kalamu. Nilijua anaandika nini. Nilijua ndoo itashuka kesho na nani atakuwa ameishika.

"Mimi sishushi," mpwa wangu akasema.

Ni maneno ya kwanza niliyomsikia akisema tangu siku ya rangi. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Meneja.

"Binti, huyu mjomba wako ni..."

"Ni mwongo. Namjua, kanilea. Lakini bosi, umewahi kumsikia akiongeza moja? Huyu akiongeza anaongeza mia. Angetaka kutudanganya angesema makasha mia nne na nyangumi juu yake. Hajawahi maishani kusema nambari ndogo. Akisema manne, ni manne."

Kipara akakohoa. "Binti kasema kweli. Mimi namjua miaka ishirini. Manne ni kidogo mno kwake."

Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonichoma na kuniponya kwa mpigo mmoja kama ile. Meneja akaiweka kalamu chini.

Alhamisi, Aprili 17

Mvua kubwa. Hawajazama. Nimesimama nje ya lango la bandari siku nzima, hawaniruhusu kuingia. Kila mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu, naruka.

Ijumaa, Aprili 18

Wameliona.

Mkondo ulikuwa umelisukuma mbali, hatua themanini, likajibanza chini ya ukuta, kwenye pembe ya mwisho ya gati. Pale pale, mkubwa wa wategua mabomu kasema, ambapo tishari lingekita mguu wake wa chuma kabla hata ya ndoo kushuka.

Mpwa wangu alinijia nyumbani na habari. Alisimama mlangoni, matope mpaka magotini. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nilikuwa nacho, kimeshapangwa. Akanishika kidole kile cha katikati, akakibana kwa nguvu mpaka kikaniuma, kwa hasira au kwa jingine, sijui.

"Bado sijakusamehe, Mjomba," akasema. "Chakula kipo?"

Jumatano, Aprili 30

Mvua imekatika. Meli ya ngano imefunga gati la tatu asubuhi hii. Kreni yangu inaendeshwa na Kipara. Mimi nimepewa ufagio, nafagia ngano inayomwagika mpaka kesi isikilizwe, na huenda nitafungwa, na usingizi wangu bado si mzuri. Naota ndoo inashuka.

Kipara aliupitisha wavu wa kwanza moja kwa moja, polepole, bila kuuzungusha. Hakuna aliyeshangilia. Magunia yakatua.

Wakati wa chai makuli wapya walinizunguka. Wameshanipa jina jingine. "Mzee Manne, hebu tupe ile ya farasi wa jenerali!"

Nikawaambia alikuwa punda.

Wakasubiri niendelee. Nikachukua ufagio wangu.

Nimefungua ukurasa huu wa jeshi wenye safu tatu, nikajaza kama zinavyotaka. Makasha yaliyoingia majini: manne. Yaliyotoka: manne. Yaliyobaki: hakuna.